Laptopu yako inahitaji kadi ya sauti ya nje? Anza na dalili

Rekodi ikitoka na mvumo, au watu wakilalamika kwenye kikao cha Zoom kwamba hawakusikii, ushauri unaokuja haraka ni mmoja: nunua saundikadi ya USB. Kariakoo zipo, Luthuli Avenue zipo, kuanzia kile kijidude kidogo cha ukubwa wa flashi chenye matundu mawili hadi zile za studio zenye vitufe vya kuzungusha mbele. Ni vifaa vizuri. Ila kadi ya sauti inatatua matatizo machache tu, na ukiinunua kwa tatizo lisilo lake, hela itakuwa imekwenda na mvumo umebaki palepale. Fuata dalili kwanza, dukani utakwenda baadaye.

Ndani ya kila laptopu kuna chipu ya sauti, mara nyingi ya Realtek, na kwenye HP na ThinkPad nyingi za miaka ya nyuma ni ya Conexant. Kazi zake ni mbili: kugeuza namba kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika au hedifoni, na kugeuza umeme wa maikrofoni kuwa namba. Kadi ya nje inafanya kazi hizohizo mbili, ila inazifanyia nje ya boksi la laptopu, na sauti inasafiri kwenye waya wa USB ikiwa namba tupu. Ndiyo maana inaweza kukwepa tundu la jeki lililokufa, chipu mbovu, kelele za saketi za ndani na kikuza sauti dhaifu cha maikrofoni. Chumba chako, intaneti yako na Bluetooth yako haivigusi.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, chomeka hedifoni zako kwenye simu, kisha chomeka hedifoni za mtu mwingine kwenye laptopu yako. Inachukua dakika moja, na mara nyingi inaonyesha kwamba mgonjwa ni waya.

Hakuna sauti kabisa

Laptopu nyingi tunazonunua ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya au Dubai: EliteBook, ThinkPad, Latitude. Zikifika, fundi anapiga Windows upya, na dreva ya sauti (programu inayoiwezesha Windows kuitumia chipu) inaachwa ile ya jumla. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, ufungue sehemu ya sauti. Ukikuta jina ni "High Definition Audio Device" tu, bila Realtek wala Conexant, laptopu inaendeshwa na dreva ya Microsoft ya kila kompyuta. Wakati mwingine inatosha. Wakati mwingine ndiyo sababu spika ziko kimya au jeki haitambuliwi. Dreva sahihi ipatie kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini yake. Zile programu zinazodai kukutafutia dreva zote kwa mpigo achana nazo.

Kisha andika mmsys.cpl kwa njia ileile uone sauti inapelekwa wapi. Ukiwa umewahi kuunganisha televisheni au skrini kwa HDMI, Windows huenda bado inapeleka sauti huko.

Kama umebaki na shaka kati ya Windows na chipu yenyewe, chukua flashi ya GB 8, weka Ubuntu au Linux Mint, mifumo ya bure ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, washa laptopu kwa flashi hiyo na uchague kujaribu bila kusakinisha. Sauti ikitoka huko, chipu ni nzima na tatizo liko kwenye Windows. Isipotoka, usihukumu bado, kwa sababu zipo laptopu mpya ambazo Linux haiielewi vizuri chipu yake ya sauti.

Ikiwa spika zinafanya kazi ila hedifoni hazitoi kitu, au laptopu inadhani hedifoni zimo hata baada ya kuzichomoa, angalia tundu. Zima laptopu, mulika kwa tochi ya simu. Utaona vumbi na nyuzi za nguo zilizosukumwa hadi mwisho, au kijisipringi kimojawapo kimelala. Uchafu unatoka kwa kijiti cha meno cha mbao, taratibu. Sipringi iliyolala haisimamishwi kwa kijiti. Hapo ni kubadilisha tundu lenyewe. Muulize fundi jambo moja kabla ya kukubaliana bei: tundu limechomelewa kwenye ubao mkuu, au liko kwenye kiubao cha pembeni kilichounganishwa kwa waya bapa? Kiubao cha pembeni kinabadilishwa bila kuchomelea chochote. Kama ni ubao mkuu na fundi humwamini, kile kijidude cha bei nafuu cha USB ndicho jibu sahihi. Kinafanya kazi bila dreva kwenye Windows, Mac na Linux, na kwa kusikiliza muziki na vikao kinatosha. Maneno "7.1" yaliyoandikwa juu yake yapuuze, matundu yake ni mawili, na sauti inayotoka ni ya kulia na kushoto tu.

Hedifoni zinasikika, maikrofoni haisikiki

Shika pini ya maikrofoni yako uhesabu mistari myeusi. Mistari miwili maana yake pini ina sehemu tatu. Mistari mitatu maana yake ina sehemu nne. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina tundu moja tu la sehemu nne: kushoto, kulia, ethi na maikrofoni. Ukichomeka humo maikrofoni yenye pini ya sehemu tatu, laptopu inaiona kama hedifoni na kuendelea kurekodi kwa maikrofoni yake ya kwenye skrini. Wengi hudhani maikrofoni mpya ni mbovu, au laptopu imekufa, kumbe kinachokosekana ni waya wa Y unaogawa tundu moja kuwa mawili, la hedifoni na la maikrofoni. Bei yake haifiki hata robo ya kadi ya sauti ya studio. Jipime hivi: rekodi huku ukigonga-gonga maikrofoni ya nje kwa kucha, kisha gonga fremu ya juu ya skrini. Mlio utakaosikika kwa nguvu ndio utakaokuambia ni maikrofoni ipi inayofanya kazi.

Kuna dalili nyingine ya pini ambayo inachanganya hata mafundi. Unachomeka hedifoni za simu ya zamani, muziki unasikika mbali kama umetiwa ndani ya pipa, na sauti ya mwimbaji imepotea kabisa huku ala zikibaki. Ukibonyeza na kushikilia kile kitufe cha kupokelea simu kwenye waya, muziki unarudi kuwa mzima. Hapo hapana kilichoharibika. Mpangilio wa zamani uitwao OMTP umeweka ethi na maikrofoni mahali tofauti na ule wa CTIA ambao laptopu yako inatumia, na kitufe kile kinaziunganisha kwa muda. Badilisha hedifoni au tafuta kiunganishi cha kugeuza mpangilio.

Mengine ni mepesi. Kwenye Windows 10 na 11, mipangilio ya faragha ina swichi inayozuia programu zote zisitumie maikrofoni. Na ThinkPad, HP na nyingine nyingi zina kitufe chenye alama ya maikrofoni kwenye safu ya juu. Taa yake ikiwaka, maikrofoni imezimwa.

Sauti inaingia ila ni ndogo, ukiiongeza inakuja na "shhhh"

Hapa ndipo kadi ya nje inapostahili kununuliwa, na ndipo watu wanaponunua isiyofaa.

Chukua BM-800, maikrofoni ya kondensa ya bei nafuu iliyojaa madukani, inayouzwa na mkono wa kushikia na waya wenye XLR (plagi nene ya mviringo yenye pini tatu) upande mmoja na pini ya milimita 3.5 upande mwingine. Ukiichomeka kwenye laptopu inapata volti chache tu, zile ambazo tundu la maikrofoni hutoa kwa ajili ya maikrofoni ndogo za hedseti. Maikrofoni za kondensa za XLR kwa kawaida zinategemea volti 48, zile ziitwazo fantomu. Ikipata volti 3 au 5, BM-800 inatoa sauti, ila hafifu. Unaingia mmsys.cpl, unapandisha ile nyongeza ya maikrofoni hadi desibeli 20 au 30, na kelele za saketi ya laptopu zinapanda nayo sawia. Hiyo "shhhh" ni ya laptopu, ilikuwepo siku zote.

Dawa ni kadi yenye tundu la XLR na kitufe kilichoandikwa 48V. Behringer UM2 na UMC22 ziko kwenye daraja la chini, Focusrite Scarlett Solo iko juu yake kidogo. Zile kadi za V8 zenye vitufe vya makofi na vicheko, zinazotumiwa na watu wa laivu za TikTok, nyingi hazitoi volti 48 hata kama tundu lake linakubali waya wa BM-800. Ukichomeka humo, umehama kutoka tundu moja dhaifu kwenda jingine. Kile kiboksi cha fantomu kinachouzwa peke yake kinasaidia nusu ya safari: maikrofoni inapata umeme wake, lakini sauti bado inaishia kwenye kikuza sauti cha laptopu. Kama unanunua kitu leo, ruka kiboksi, nunua kadi.

Maikrofoni za dainamiki kama Shure SM58 hazihitaji volti 48, ila zinahitaji kukuzwa sana. SM58 inatoa chini ya milivolti 2 kwa sauti ya desibeli 94, na tundu la laptopu haliwezi kuukuza umeme mdogo hivyo bila kelele. Hapo pia kadi yenye XLR ni halali yako.

Lakini kabla ya yote hayo, sogea. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti inaongezeka kwa takriban desibeli 6 na kelele ya laptopu inabaki ilivyo. Mtu aliyeiweka maikrofoni mezani mita moja kutoka mdomoni, akiisogeza hadi shibiri moja, anapata zaidi ya desibeli 12 bure. Na kama bado hujanunua maikrofoni yoyote, na unayerekodi ni wewe peke yako kwa podikasti, masomo au darsa, fikiria maikrofoni ya USB. Kadi ya sauti imo ndani yake, imelinganishwa na maikrofoni yenyewe kiwandani, na huna waya wa kubahatisha. Kwa mtu wa aina hiyo sioni sababu ya kununua vitu viwili.

Mvumo, mluzi na kelele za umeme

Chomoa chaja. Usifanye kingine chochote kwanza, chomoa chaja tu usikilize.

Kelele ikikata papo hapo, njia yake ni umeme wa ukutani. Ikibaki, na hasa ikiwa ni kimluzi kinachobadilika ukisogeza mausi au ukifungua ukurasa mzito, inatoka kwenye saketi za ndani ya laptopu na kuvuja hadi kwenye sauti. Kimluzi hicho kadi ya nje kwa kawaida inakimaliza au kukipunguza sana, kwa kuwa kazi ya kugeuza sauti imetolewa nje ya boksi.

Ya chaja ni hadithi nyingine. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo mzito wa "mmmmm" ni huo pamoja na mizunguko 100, 150 na kuendelea. Unatokea hivi: laptopu imechomekwa kwa chaja yenye ethi, miksa au amplifaya ya kanisani au ukumbini imechomekwa soketi nyingine yenye ethi, na waya wa sauti unaziunganisha. Sasa ethi ziko njia mbili kati ya vifaa vilevile, na tofauti ndogo ya volti kati ya soketi hizo inasukuma umeme kupitia waya wa sauti. Ukinunua kadi ya USB, ethi ya laptopu inapita kwenye waya wa USB hadi kwenye kadi na kutoka huko hadi kwenye miksa. Mvumo unaendelea. Nimeona vikundi vya kwaya vikinunua kadi mbili mfululizo kwa tatizo hili, na inasikitisha, maana fedha zile zilikuwa za michango.

Anza kwa kuchomeka chaja na miksa kwenye ekstensheni moja, ili ethi zikutane mahali pamoja. Ikishindikana, tafuta boksi la DI au kitenganishi chenye transfoma, uweke kati ya laptopu na miksa. Transfoma inapitisha sauti kwa sumaku bila kuunganisha ethi, na mvumo unakatika. Kadi yenye matokeo ya balansi (yanayopeleka sauti kwa nyaya mbili ili kelele ifutike), yale ya jeki kubwa ya TRS, nayo inasaidia ikiwa miksa ina maingilio ya balansi na waya unaotumia ni wa TRS kweli pande zote mbili. Kitu kimoja usikifanye hata ukiambiwa na mtu mzoefu: kung'oa pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo unaweza kuondoka, lakini siku amplifaya ikiharibika ndani, atakayeshika maikrofoni ndiye atakayekuwa njia ya umeme.

Kwa upande mwingine kuna nyumba ambazo soketi ina matundu matatu lakini waya wa ethi haukuwahi kufungwa nyuma yake. Utaijua kwa ule msisimko kwenye vidole ukipitisha mkono juu ya laptopu yenye boksi la chuma ikiwa inachaji. Umeme mdogo unavuja kupitia kapasita za chaja na hauna pa kwenda, unaingia kwenye maikrofoni. Ukigusa chuma cha maikrofoni na mvumo ukabadilika, ndiyo hiyo. Kwa rekodi fupi, tumia betri. Kwa kudumu, mwite fundi umeme afunge ethi. Usalama wa nyumba nzima uko hapo, si rekodi peke yake. Chaja ya bandia nayo huleta kelele hizi hata kwenye nyumba yenye ethi nzuri, kwa hiyo azima chaja nyingine ujaribu kabla ya kulaumu laptopu.

Na ukisikia "dit-dirit-dit" kabla ya simu kuita, ni simu yako yenye mtandao wa 2G iliyo karibu na waya. Isogeze.

Sauti inakwaruza na kukatika-katika

Kadi mpya hapa mara nyingi haisaidii. Kukatika kunatokea kompyuta inaposhindwa kupeleka sauti kwa wakati, na kadi ya USB inaitegemea kompyuta ileile. Pakua LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha dreva inayochelewesha sauti, iache iendeshe dakika kumi huku ukicheza muziki. Ikitaja dreva ya Wi-Fi, sasisha dreva hiyo au zima Wi-Fi wakati wa kurekodi. Weka mpangilio wa umeme kwenye nguvu kamili badala ya kubana betri. Linganisha pia kasi ya sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde: kama programu ya kurekodi iko 44100 na Windows iko 48000, fanya zote ziwe 48000.

Kama tayari una kadi na inakwaruza, itoe kwenye habu (kile kigawio cha matundu ya USB). Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, na habu isiyo na umeme wake inagawa hizo kwa mausi, flashi na kadi yako pamoja na zile volti 48.

Unajisikia ukichelewa unapoimba

Tatizo hili ni la kweli na kadi nzuri inalitatua. Sauti yako inakusanywa kwenye bafa, ghala dogo la muda, kabla ya kuchakatwa. Bafa ya sampuli 256 kwa kasi ya 48000 ni milisekunde 5 na kidogo. Ya sampuli 1024 ni milisekunde 21, na hiyo ni kuingia tu, bado kutoka. Njia ya kawaida ya Windows inaongeza nyingine juu yake. Kwa hiyo kampuni ya Steinberg ilitengeneza ASIO, aina ya dreva inayoipa programu njia fupi hadi kwenye kadi. Jaribu kwanza ASIO4ALL, ya bure, kwenye chipu ya laptopu; na FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, ina ASIO yake yenyewe. Prodyuza anayetengeneza biti kwa kibodi na hedifoni, bila kurekodi sauti ya mtu, mara nyingi anamaliza hapo. Kwenye Mac, Core Audio inafanya kazi hiyo bila kuongeza kitu.

Anayerekodi mwimbaji anunue kadi yenye swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, ambayo inarudisha sauti ya maikrofoni kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Na hedifoni ziwe za waya. Bluetooth ya kawaida inachelewesha kwa zaidi ya milisekunde 100, na hakuna kadi itakayorekebisha hilo.

Tukiwa kwenye Bluetooth: muziki ukigeuka kuwa kama wa simu mara tu kikao kinapoanza, ni kwa sababu hedifoni zimehamia kwenye hali ya mazungumzo, ambayo sampuli zake ni 8000 au 16000 tu kwa sekunde. Chagua maikrofoni ya laptopu kuwa ya kuingizia sauti, na hedifoni zitabaki kwenye ubora wake.

Ukifika dukani

Mwangwi wa chumba kitupu chenye vigae hauondolewi na kadi. Mapazia, godoro lililosimamishwa ukutani na kabati la nguo lililo wazi vinafanya kazi kubwa zaidi. Ukishajua kwamba tatizo lako ni maikrofoni ya XLR, kuchelewa, kelele za ndani au tundu lililokufa, beba laptopu yako, hedifoni zako na maikrofoni yako uende navyo.

Usilipie namba kubwa. Kilohezi 192 (sampuli 192000 kwa sekunde) hazitakufaa kitu kwenye mahubiri wala wimbo, 48 zinatosha. Biti 24 (usahihi wa kila sampuli) zina maana zaidi, kwa kuwa zinakuruhusu kurekodi kwa sauti ya chini kidogo bila kupoteza ubora, na mwimbaji akipaza ghafla hapasuki. UM2 na UMC22 zinaishia biti 16, na kwa mazungumzo hilo halina shida. Kwa muziki ongeza hela kidogo upate UMC202HD au Scarlett.

Mwombe muuzaji aichomeke kwenye laptopu yako, si kwenye kompyuta ya duka. Bila kuchomeka maikrofoni, pandisha geini (kiwango cha kukuza sauti) hadi mwisho usikilize kwa hedifoni: "shhhh" nyepesi ni kawaida, mvumo au mluzi si kawaida. Chomeka maikrofoni, washa 48V kama ni ya kondensa, subiri sekunde chache, ongea kwa sauti yako ya kila siku ukiwa shibiri moja. Kama inabidi ufike mwisho wa kitufe ndipo usikike, omba nyingine ujaribu hapohapo, kabla hujalipa.